Mkono Uliobaki Kwenye Mpini

Dalali wa mbuzi hana mali nyingi ya kujivunia, lakini ana hii moja: hanunui kitu kwa bei ya kwanza. Nimebishana na wachinjaji wa Kitengela, na wazee wa Bisil ambao wakikutajia bei hugeuka wakatazama mlima, na hata na mwenye nyumba wangu. Siku niliyosimama mbele ya hakimu, mdomo ulianza kwa mazoea tu, haukuniuliza.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Ukame ulikuwa umebana, kisha ukaingia ugonjwa wa miguu na midomo, serikali ikatangaza karantini: mnyama yeyote asivuke kutoka upande wa Bisil kuja Kitengela bila kibali. Mimi nilikuwa na mbuzi, kibali sikuwa nacho. Kwa hesabu yangu nilikuwa na nusu ya vilivyotakiwa, na nusu si haba. Askari wa kizuizi cha barabarani walikuwa na hesabu yao.

"Faini, au mwezi mmoja jela," hakimu akasema.

"Mheshimiwa, hakuna ya katikati?"

Watu walicheka mpaka karani akagonga meza. Hakimu mwenyewe hakucheka. "Ya katikati," akasema, "ni faini na mwezi mmoja pia." Nikajua nimekutana na mfanyabiashara.

Nilichukua mwezi. Faini ingewameza mbuzi wachache waliobaki nyumbani, na mbuzi hao walikuwa na kazi. Kifungua mimba wangu, binti yangu, alikuwa fundi wa nguo pale Kitengela, na kijana mmoja Mmasai wa Bisil aliyekuja kushonewa suruali iliyochanika alikuwa amerudi na suruali nyingine, na nyingine, mpaka nikaanza kujiuliza suruali zake huchanwa na nani. Mwishowe akaja nyumbani kwa heshima zote. Sasa wazee wao walikuwa wamepanga kuja kwetu kuleta neno rasmi, na mbuzi wa kuwakaribisha walikuwa ndio hao. Sisi ni Wakamba. Mgeni wa namna hiyo hupewi nafasi ya kumlisha maharagwe halafu ukategemea atarudi.

Mke wangu alikuja kuniona kwenye seli ya korti kabla sijapandishwa gari. Alizungumza polepole, kama mtu anayekunja nguo.

"Wakiuliza, niseme uko wapi?"

"Sema niko Kimana. Nanunua vitunguu."

"Mwezi mzima?"

"Sema bei imekuwa ngumu. Hiyo wataamini."

"Na binti yako?"

"Hata yeye. Niko Kimana."

Alinitazama, akasema, "Haya, Baba. Uende salama Kimana," akaondoka bila kugeuka.

Ni lazima nieleze jambo moja kuhusu yule kijana, maana kila kitu kinaning'inia hapo. Siku ya kwanza alipoingia nyumbani kwangu hakunipa mkono. Alikuja akasimama mbele yangu na kuinamisha kichwa. Nilidhani ameangusha kitu. Nikaanza kutafuta sakafuni pamoja naye. Binti yangu, akitamani ardhi ipasuke immeze, akaninong'oneza, "Baba! Mguse kichwa! Ndivyo wanavyosalimu wazee!" Nikaweka kiganja juu ya utosi wake kwa woga, kama mtu anayepima joto la chai. Akainua uso akitabasamu. Wenyewe wanaiita enkanyit, heshima. Tangu siku hiyo kila alipokuja aliinama, nami nilimgusa, na ukweli ni kwamba nilianza kuipenda ile salamu. Watoto wangu mwenyewe walikuwa wakinisalimu wakiwa wamegeukia redio.

Jela, huko Kajiado, nilinyolewa kichwa na kupewa kunguru, ndivyo tulivyoita ile sare. Shati ningelivumilia. Kilichonishinda ni kaptura. Mwanamume mwenye binti wa kuolewa, magoti nje, miguu kama ya korongo. Nyakati zile wafungwa hawakupewa suruali ndefu. Nilikuwa sijavaa kaptura tangu darasa la saba, na miguu yangu haikuwa imefanya chochote tangu wakati huo cha kustahili kuonyeshwa.

Asubuhi na jioni tulichuchumaa wawili wawili tukahesabiwa. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Mbuzi nikiwapakia nahesabu wakipanda, nahesabu tena wakiwa ndani, kwa sababu mbuzi mmoja hujificha nyuma ya mwingine. Afande naye alihesabu mara mbili, kwa sababu hiyo hiyo. Mwenzangu wa kuchuchumaa alikuwa mzee wa Kimasai aliyefungwa kwa kulisha ng'ombe kwenye shamba la mtu. Alisema ng'ombe wake hawakuwa wamesoma kibao.

Kisha siku moja tukaambiwa kuna kazi ya umma. Soko la mifugo la Bisil linazungushiwa ua, watu wa kanjo, halmashauri ya wilaya, wametoa nguzo na waya, jela itoe mikono. Kama dalali nilitambua biashara nzuri ilivyofanywa: mtu amepata vibarua lori zima, hawalipwi, hawachelewi, na jioni wanajirudisha. Sikumbuki lini nimeona bei nzuri kama hiyo. Shida ni kwamba safari hii mimi nilikuwa kwenye upande wa mbuzi.

Nilimfuata afande. "Afande, mimi mgongo unanisumbua. Niache nikakate sukuma jikoni."

"Jana ulibeba magunia mawili ya unga."

"Ndiyo yaliyousumbua."

"Panda gari, mzee."

"Basi nipe kazi ya mahali pengine. Hata kuzibua choo. Hata vyoo viwili."

Alinitazama kwa makini mara ya kwanza. "Bisil kuna nini?"

"Hakuna kitu, afande."

"Basi panda."

Bisil kulikuwa na kila kitu. Lile soko lilikuwa ofisi yangu. Kuna jiwe pale nililolikalia miaka mingi mpaka likashika umbo langu. Na sisi tulipelekwa siku ya soko.

Nilipewa shimo la kona, karibu na njia ya kuingilia. Udongo ule ukiwa mkavu ni mgumu kama neno la mkwe. Unapiga jembe, linakurudishia. Nilichimba nikiwa nimewapa watu mgongo. Nilisikia sauti ninazozijua zikitaja bei ninazozijua, na bei zenyewe zilikuwa za upumbavu. Mtu mmoja aliuziwa beberu mzee kwa bei ya kijana nikauma ulimi.

Lakini hakuna aliyenitambua. Hilo lilinishangaza, kisha likanipumzisha, kisha likanichoma. Mama mmoja anayeuza mbuzi, tuliyebishana naye kila wiki mpaka tukawa kama ndugu, alipita karibu akaruka udongo wangu bila kunitazama usoni. Macho yake yalifika kwenye kunguru yakaishia hapo. Mtu wa kunguru ana mikono, ana namba, sura hana. Nikasema vizuri, nitamaliza siku hii kama jembe tu, nirudi, mwezi uishe.

Ndipo nikaona viatu vya akala mbele ya shimo, kando ya udongo nilioutoa. Havikusogea.

Niliinua macho kidogo. Fimbo. Shuka. Mbuzi watano nyuma yake. Nikahesabu tena, watano. Sikutaka kufika usoni.

"Baba," akasema.

Nilikuwa ndani ya shimo mpaka mapajani, kwa hivyo kaptura haikuonekana yote. Bado nilijaribu kushuka zaidi.

Sijui alifikiria nini. Labda hakufikiria, labda kwao hicho si kitu cha kufikiria, unamwona mzee wako, unainama. Alisogeza fimbo mkono wa kushoto, akapiga hatua mpaka kwenye ukingo wa shimo, mbele ya wafungwa, askari na soko zima, akapinda mgongo na kuinamisha kichwa.

Kikawa pale, karibu sana, usawa wa kifua changu. Niliona jasho kwenye mstari wa nywele.

"Wewe kijana!" Afande alipiga kelele kutoka kwenye kivuli cha lori. "Toka hapo! Huyo hasalimiwi!"

Hakutoka. Aliendelea kungoja.

"Nimesema toka!" Afande akaja. "Mzee, huyu unamjua?"

Wenzangu walikuwa wameacha kuchimba. Mmoja akacheka, "Mzee amepata muumini!" Kule uani wazee wa Kimasai waliokuwa wameketi waligeuza shingo. Yule mama wa mbuzi naye akageuka. Watu wote ambao asubuhi nzima hawakuwa na macho, sasa walikuwa nayo, ila kichwa changu cha kunyolewa bado hawakukijua.

"Simjui," nikasema.

Na mkono wangu ukabaki kwenye mpini wa jembe. Niliutazama mimi mwenyewe. Ulikuwa na udongo, ulikuwa umeshika, haukuachia.

Kijana alikaa ameinama kwa kitambo kidogo zaidi. Kisha akanyooka, taratibu, akavuta mbuzi wake na kwenda. Hakunitazama, na kwa jambo hilo nilimshukuru, Mungu anisamehe.

Tukiwa kwenye lori tukirudi, mzee mwenzangu wa kuchuchumaa alinisogelea taa za Kajiado zilipoonekana.

"Yule kijana amekufanyia nini kibaya?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi umefanya kitu kikubwa wewe. Kwetu mzee hakatai kichwa cha kijana hivi hivi. Akikataa, na mbele ya watu, ni kwamba kijana ana kosa. Wale wazee wameona. Leo usiku wanamwuliza, 'Ulimkosea nini yule mzee?'"

"Atawaambia mimi ni nani. Yataisha."

"Ataweza kuwaambia?" akauliza. "Akisema wewe ni nani, amekuvua nguo. Huyo ni mkwe?"

Nikavuta kaptura ifunike magoti.

"Hataweza," akasema.

Nilipotoka nilifanya jambo ambalo nilidhani ni la akili. Nilinunua gunia la vitunguu Kajiado, nikaingia Kitengela nalo mgongoni kama mtu aliyetoka Kimana. Kofia niliivuta mpaka masikioni. Binti yangu alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha. Aliniamkia, akaitazama kofia.

"Baba, hata kichwa umenyoa?"

"Kimana kuna chawa."

Akarudi kwenye mshono wake. Alikuwa amekonda. Mke wangu aliniwekea chakula akaketi mbele yangu.

"Wageni hawaji," akasema.

"Kwa nini?"

"Amekuja ndugu ya baba yake kijana. Amesema tungoje. Ati kijana ana neno la kusafisha kwanza. Kuna mzee amekataa kichwa chake katikati ya soko, mfungwa mmoja hivi, na wazee hawawezi kwenda kuomba binti wa watu wakiwa na kijana aliyekataliwa namna hiyo. Wamemwuliza ni nani na alimkosea nini. Kijana hasemi. Baba yake amekasirika, amemnyima hata kuuza mbuzi. Na kijana hasemi." Aliponda ugali kwa kidole bila kula. "Niambie, ni mzee gani mwenye roho mbaya hivyo?"

Cherehani ilikuwa imenyamaza.

Nilimwaga vitunguu sakafuni nikaanza kutenganisha vikubwa na vidogo. Nilivihesabu. Nilianza tena. Mke wangu alinitazama mikono, yale malengelenge, na nikaona hesabu yake ikifika mahali ambapo yangu ilikuwa imefika zamani.

"Aiya," akasema chini chini. "Baba. Siyo wewe."

Nikawaambia. Karantini, hakimu, kaptura, shimo. Nilidhani binti yangu atalilia jela. Alikuwa na haki. Baba fundi wa maneno kafungwa kwa ajili ya mbuzi. Hakuitaja hata kidogo.

"Ulimwacha ameinama?"

"Ilikuwa kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo, mama."

"Wewe si huhesabu, Baba? Wewe huhesabu kila kitu. Kiasi gani?"

Nilikuwa nimehesabu. Afande alipiga kelele mara mbili, akatoka kivulini, akatembea mpaka kwangu, akaniuliza, wenzangu wakacheka, nikajibu. Muda wote huo. Niliokota kitunguu kikubwa nikakiweka kwenye vidogo, na kwa uso wake nikajua ameisoma hesabu hata hivyo. Aliinuka akaenda nje. Kesho yake alfajiri nilikuta suruali yangu nzuri imepigwa pasi na kuwekwa kwenye kiti. Hakuna aliyeniambia niende wapi.

Nilingoja siku ya soko, maana jambo lililofanyika mbele ya soko huwezi kulirekebisha nyuma ya nyumba. Nilishuka Bisil nikapita kwenye ua mpya. Nguzo zilisimama, waya ulimetameta. Baba wa kijana alikuwa ameketi na wenzake wa rika lake, shuka mabegani, karibu na ile kona. Tulikuwa tumekutana mara moja tu, kwenye sherehe ya mtu, tukazungumza mvua.

Nilisalimia, nikajibiwa. Nikakataa kiti.

"Tulisikia uko Kimana," akasema.

"Sikufika Kimana."

"Vitunguu je?"

"Nilinunua Kajiado."

Mzee mmoja alicheka puani. Baba wa kijana hakucheka. Nikaonyesha nguzo kwa kidole. "Shimo hili nililichimba mimi. Yule mfungwa ni mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kwa matusi hata. Kwa kimya sikuwa na bei.

"Mwanangu alikukosea nini?" akauliza mwishowe.

"Hakunikosea. Alinisalimu."

"Sasa kwa nini?"

Njia nzima nilikuwa nimetengeneza maneno. Nilikuwa na methali mbili na sababu tatu. Zote zilinitoka.

"Nilikuwa na kaptura," nikasema.

Wazee wote walitazama chini, kwenye suruali yangu na ule mstari wa pasi. Hakuna aliyecheka. Ningelipenda wacheke.

Akatuma mtu amwite kijana. Alikuja kutoka upande wa mbuzi, mikono mitupu, maana alikuwa bado amenyimwa kuuza. Aliponiona alisimama mbali kidogo. Hakuinama.

Nikanyoosha mkono. Kiganja kikiwa chini, hewani, mahali ambapo kichwa chake kingekuwa. Watu walianza kusogea. Mkono huchoka upesi sana ukiwa haujashika kitu, hilo sikulijua.

"Ulisema hunijui," akasema.

"Nilimwambia askari."

"Mimi ndiye nilisikia."

"Ndiyo," nikasema. "Wewe ndiye ulisikia."

Sikuushusha mkono. Nilifikiri, aache. Aniache hivi hivi, nihesabu na mimi. Kisha akapiga hatua, akainamisha kichwa mpaka kikagusa kiganja. Kilikuwa cha moto kwa jua. Nilikaa nacho pale kuliko desturi inavyotaka, mpaka baba yake akakohoa.

Mzee akainuka. Hakunipa mkono, wala hakusema yamekwisha. Alitembea hadi kwenye nguzo ya kona, akaishika kwa mkono mmoja na kuitikisa. Ikatikisika.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Inacheza."

Ilikuwa inacheza kweli. Siku ile, baada ya kijana kuondoka, niliishindilia vibaya. Sikuwa na mikono ya kazi tena. Nilivua koti. Niliomba jembe kwa mtu wa soko, nikaanza kufukua, na kijana bila kuambiwa akaja akaishika nguzo wima kwa mikono yote miwili. Tulifanya kazi hivyo, mimi chini yeye juu, bila neno. Udongo uliingia kwenye ile suruali ya pasi mpaka magotini.

Yule mama wa mbuzi alipita. Safari hii alisimama, akanitazama usoni vizuri, akapiga makofi.

"Dalali! Kwani wamekurudisha ndani?"

"La, mama," nikasema. "Leo nimejileta."

Kijana hakucheka. Ila aliisogeza nguzo kidogo, nipate nafasi ya kutia mawe.

"Tutakuja baada ya mvua," baba yake akasema nyuma yangu, kwa ile sauti ya mtu anayetaja bei na kugeuka kutazama mlima. "Hao mbuzi wako bado wapo?"

"Wapo," nikasema, nikaendelea kushindilia.